Mnunuzi wa Uingereza anasema ametuma pesa za Land Rover ya baba, lakini benki haioni kitu

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa tatu katika familia ya watoto watano, naishi Moshi. Baba yetu alifariki mwaka juzi akatuachia shamba, nyumba, na Land Rover 109 Series III ya mwaka 1979, ya dizeli, aliyoinunua kwenye mnada miaka ya tisini. Gari hilo limebeba kahawa yetu, limebeba wagonjwa wa kijiji kizima na maharusi wasio na idadi. Tangu aondoke limekaa chini ya mparachichi. Mama kila akilipita anafuta machozi. Tumekaa kikao cha ndugu tukakubaliana liuzwe, fedha zitengeneze paa la nyumba ya mama na kumalizia ada ya mdogo wetu wa mwisho. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, niliteuliwa na mahakama ya mwanzo.

Hapa mjini waliokuja kuliona walifika milioni 9, mmoja akapanda hadi 11. Kijana wa jirani akaniambia Wazungu wanazitafuta sana gari hizi. Akalipiga picha, akaliweka mtandaoni kwa pauni 7,500. Siku ya pili tu akaniandikia mtu anayejiita Kapteni. Anasema ni Mwingereza, yuko kazini kwenye meli ya mafuta Bahari ya Kaskazini, na gari ni zawadi ya baba yake anayestaafu. Bei hakuipunguza hata kidogo. Kupiga simu hawezi, eti mtandao wa melini ni dhaifu, basi tunaandikiana tu. Akaniomba jina kamili, namba ya akaunti, picha ya kadi ya gari na ya kitambulisho changu cha NIDA. Nikampa vyote.

Jumatatu akanitumia karatasi ya PDF yenye kichwa cha benki ya Uingereza, imeandikwa MT103, inaonyesha pauni 9,200 zimetumwa kwangu. Zile 1,700 zilizozidi ni za wakala wa usafirishaji atakayelifuata gari Moshi na kulifikisha bandarini Dar es Salaam. Usiku huohuo ikaja barua pepe ya benki, kwamba fedha zipo ila zimeshikiliwa mpaka nitume risiti ya kuonyesha wakala amelipwa. Huyo wakala ana namba ya simu ya hapahapa Tanzania. Anataka nimtumie milioni 5 na nusu kwa simu, halafu nitajirudishia pauni zikiingia.

Nimekwenda benki, dada wa dirishani akasema haoni kitu. Kapteni anasema T/T, yaani uhamisho wa fedha kutoka benki hadi benki, huchukua siku kadhaa, na hilo najua ni kweli, maana shemeji yangu alipoagiza gari Japani pesa yake ilichukua siku nne kufika. Jana imekuja barua pepe nyingine kwamba nisipomlipa wakala ndani ya saa 48 nitaripotiwa Interpol kwa kuzuia fedha za mteja. Nimeshakopa milioni 3 VICOBA, zilizobaki dada ananipa kesho. Kaka yetu mkubwa anasema hao ni matapeli. Mume wangu anasema kaka ana wivu. Na meli ya kulibeba gari inaondoka Ijumaa.

Nifanye nini mama? Usiku silali.

Binti wa Machame, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa siku hizi unazopitia.

Usitume hata shilingi. Si milioni 5 na nusu, si nusu yake, si "kianzio" ambacho wakala atakuomba akiona unasita. Dada yako mwambie leo hii abaki na fedha zake. Ukishafanya hivyo, kaa chini usome yaliyobaki taratibu, kwa sababu hakuna meli inayokusubiri Ijumaa.

Pauni hizo hazikutumwa kabisa. Nasema hivi nikiwa nimekaa miaka mingi kwenye dawati la malipo ya nje katika benki, na nimewaona wengi wakija na karatasi kama yako mkononi, wengine wakiwa wameshauza ng'ombe kumlipa wakala. Benki ya Uingereza ikitaka kuleta pesa kwako, haikuandikii wewe. Inaiandikia benki yako, mara nyingi ikipitia benki nyingine ya katikati, kwa mtandao wa SWIFT ambao kazi yake ni kupelekeana ujumbe kati ya mabenki. MT103 lilikuwa jina la ujumbe huo. Tangu Novemba 2025 mabenki yamehamia kwenye muundo mpya, ISO 20022, ingawa wateja na hata makarani bado wanatumia jina la zamani. Nakala ya ujumbe huo ikiwa mkononi mwa mnunuzi ni karatasi tu. Mtu mwenye kompyuta na nembo ya benki anaitengeneza kabla chai haijapoa. Kinachokuhusu wewe ni kitu kimoja: benki yako iseme fedha zimeingia kwenye akaunti yako.

Na hili la kushikiliwa. Benki inaweza kuchelewesha malipo kwa sababu jina limekosewa, au kwa sababu wanataka kujua fedha ni za nini. Wakitaka kujua, benki yako ndiyo itakuita, na wewe utapeleka mkataba wa mauziano. Lakini benki inayoshikilia T/T ikisubiri mpokeaji amlipe mwenye lori, hiyo haipo Uingereza wala haipo Tanzania. Itazame tena anwani iliyotuma barua pepe, herufi kwa herufi, hasa kile kinachokuja baada ya alama ya @. Naamini utakuta si anwani ya benki hiyo, au imefanana nayo kwa kupachikwa herufi moja ya ziada.

Sasa nikurudishe kwa shemeji yako, maana wewe mwenyewe umeutaja mfano mzuri kuliko wowote ambao ningeutafuta. Alipoagiza gari Japani, nani alimsubiri nani? Aliletewa ankara, akaenda benki, akatuma T/T, akakaa siku nne roho juu. Muuzaji hakulipeleka gari melini kwa sababu shemeji alimtumia picha ya risiti. Alisubiri yen au dola zionekane kwenye akaunti yake. Baadaye ndipo gari likapakiwa, na hata baada ya kupakiwa, ile bili ya shehena halisi, B/L, ilikuja kwa kampuni ya vifurushi, kwa sababu bila hiyo gari halitoki bandarini. Hebu muulize shemeji swali moja: yule muuzaji wa Japani alimtumia yeye pesa za kumlipa dereva wa lori? Atacheka. Basi leo wewe ndiye uliyekaa upande wa Japani. Gari ni lako, kadi ni yako, na anayepaswa kukaa roho juu akisubiri ni mnunuzi.

Kuna jambo jingine katika barua yako lililonionyesha utapeli mapema, kabla hata sijafika kwenye pauni. Huyo Kapteni hajakuuliza habari za gari. Mwanangu, watu wanaopenda Land Rover ni wasumbufu! Mnunuzi wa kweli wa 109 atakuuliza chesisi kabla hajakuuliza hali yako. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya aluminiamu, haili kutu kirahisi, lakini chesisi ni ya chuma, na kutu ndiyo inayopandisha au kuangusha bei. Atataka picha za chini ya uvungu, za mikono ya chesisi, za ule ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Atauliza kama injini ni ileile ya dizeli ya lita 2.25 iliyotoka nayo kiwandani au imewekwa ya Toyota, kama zetu nyingi zilivyofanywa. Atataka video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa ya baridi. Ataomba namba ya chesisi aende nayo kwenye jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, ambako hutolewa cheti kinachoonyesha gari lilitengenezwa lini. Halafu, baada ya kukuchosha kwa maswali hayo yote, ataomba umpunguzie. Mtu anayenunua chuma cha mwaka 1979 bila kuuliza kutu, bila kupunguza bei, kwa zawadi ya mzee wake, hanunui chuma hicho.

Nakwambia haya kwa sababu kijana wa jirani hakukudanganya. Wanunuzi wapo. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, Defender ya mwisho ya mtindo ule ilitoka kiwandani Solihull Januari 2016, na wanaozipenda hawajapungua. Pale Uingereza gari lililozidi miaka 30 na kubaki katika hali yake ya asili, forodha wakilikubali kuwa la kihistoria, huingia bila ushuru wa forodha na kwa VAT ya asilimia 5 badala ya 20. Likizidi miaka 40 husamehewa kodi ya barabara. Marekani nako gari la miaka 25 na zaidi huruhusiwa kuingia bila kutimiza masharti yao ya usalama wa magari mapya. Na la kwenu lina usukani wa kulia, kama ya Waingereza. Kwa hiyo usilikimbize kwa milioni 9 kwa sababu ya hofu ya wiki hii. Mzee alilitunza, lina thamani.

Kwanza tumalize la Kapteni. Usibishane naye, usimwambie umemgundua, usimtukane. Acha kujibu. Barua pepe zote, ile PDF, namba za simu na ujumbe wa wakala, vihifadhi bila kufuta hata kimoja, uvichape, uvipeleke polisi Moshi ukaombe vifike kwa wanaoshughulikia makosa ya mtandao. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na udanganyifu wa namna hii umo ndani yake. Ujumbe wa simu wa huyo wakala upeleke namba 15040, ndiyo inayopokea taarifa za utapeli wa simu. Interpol isikunyime usingizi. Ni taasisi ya polisi wa nchi mbalimbali kushirikiana, makao yake yako Lyon, Ufaransa, na haidai watu risiti za lori kwa barua pepe.

Lililobaki la kushughulikia ni vile ulivyompa. Namba ya akaunti peke yake si hatari kubwa, kwani hata mnunuzi wa kweli angeihitaji. Hata hivyo nenda benki uwaambie, waandike kwenye kumbukumbu zako. Kitambulisho cha NIDA na kadi ya gari ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Piga *106# kwenye simu yako uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la kampuni ya simu ikafutwe. Kadi na picha za gari, matapeli huzitumia kulitangaza gari hilohilo kama la kwao na kuchukua kianzio kwa watu wengine. Usishangae siku moja akija mtu kutoka Iringa au Nairobi anaulizia Land Rover "aliyoilipia". Kwa ajili hiyo taarifa ya polisi ni ya lazima, ije ikulinde. Na akija mtu kuchukua gari wiki hii, kwa lori au kwa barua nzuri namna gani, haliondoki. Mama pale nyumbani alijue hilo, na funguo ziwe kwako.

Na baada ya mwezi mmoja au miwili anaweza kukutokea mwingine, anayejiita wakili au mpelelezi, akisema amemkamata Kapteni na kuna fidia yako, ila ulipie faili kwanza. Ni walewale. Mtu aliyejibu mara moja, jina lake huuzwa.

Nizungumze na mume wako kidogo kupitia hapa. Baba, shemeji yako, huyo kaka wa mkeo, hana wivu. Ameona moto akapiga kelele. Na wewe mwanangu kumbuka cheo ulichopewa na mahakama: gari hilo bado ni mali ya marehemu, na msimamizi wa mirathi anatakiwa kuwaeleza warithi na mahakama lilivyouzwa na fedha zilivyokwenda. Ungetuma hizo milioni 5 na nusu na gari likaondoka, ungelia kwa kupoteza na bado ndugu wangekudai hesabu. Kaka yako mkubwa mfanye mshirika katika mauzo haya. Kila barua ya mnunuzi aione.

Sasa namna ya kuliuza kwa mtu wa nje bila kuumia. Anzia TRA kabla ya kurudi mtandaoni, ukiwa na barua ya usimamizi na kadi, uulize mambo mawili: kuhamisha umiliki kutoka jina la marehemu, na kufuta usajili wa gari linaloondoka nchini moja kwa moja. Gari lisifike bandarini likiwa bado na namba zenu na jina la baba. Kisha benki, ukafungue akaunti ya mirathi ya fedha za kigeni, ili siku pauni zikija kila mrithi azione zimeingia mahali pamoja.

Akitokea mnunuzi, mpigie kwa video. Mwonyeshe gari, na yeye umwone uso akiwa nyumbani kwake, akikuuliza yale maswali ya kutu. Mwambie amtume mtu wake alikague. Arusha si mbali na imejaa mafundi na wapenzi wa Land Rover, mwulize yeyote aliyekuwepo kwenye lile tamasha lao la Oktoba 2024. Mnunuzi wa kweli atafurahi kusikia ukaguzi unakubalika, na gharama ya mkaguzi ni ya kwake. Ukisikia ameshaanza kuongelea NOVA, yaani ile taarifa ya kuingiza gari inayotakiwa kufika kwa mamlaka ya kodi ya Uingereza ndani ya siku 14, ujue huyu amelifanya jambo hili au amelisoma.

Mkiafikiana, andikeni mkataba wenye namba ya chesisi, bei, sarafu, na neno moja ambalo ningependa ulishikilie: FOB Dar es Salaam. Maana yake wewe unalifikisha gari hadi linapopakiwa, na nauli ya meli ni ya mnunuzi, anailipa mwenyewe kwa kampuni ya meli. Gharama ya kulitoa Moshi hadi bandarini na ya wakala wa forodha ijumuishe kwenye bei tangu mwanzo, na wakala umchague wewe, mwenye leseni ya TRA, ukamfuate ofisini kwake. Hapo hakuna pesa ya mtu mwingine inayopita mikononi mwako. Hili ndilo ninalotaka ulikatae maisha yako yote: kuletewa fedha zilizozidi bei ili wewe umpelekee mwingine. Hata zikiingia kweli! Huenda zimeibwa kwenye akaunti ya mtu, na siku mwenyewe akizidai njia inaishia kwako. Zikizidi, iandikie benki yako irudishe ziada ileile, kwenye akaunti ileile zilikotoka, na usubiri.

Unampa jina la akaunti, namba, jina na tawi la benki, na msimbo wa SWIFT wa benki yako, ambao una alama 8 au 11, herufi na tarakimu. Watu wa Ulaya watakuuliza IBAN. Tanzania hatuitumii, mwambie hivyo bila wasiwasi. PIN na namba za siri zinazotumwa kwenye simu yako hazihitajiki kwa lolote. Hundi ya nje usiipokee: hupelekwa hadi benki ilikotoka ikakubaliwe, inaweza kuchukua wiki nyingi, na inaweza kurudi haina kitu wakati gari limeshafika baharini. Akishatuma T/T, muombe UETR, namba ya ufuatiliaji yenye alama 36 pamoja na vistari vyake. Ipeleke kwenye idara ya malipo ya nje, si dirishani, waifuatilie. Hata wakisema wanaiona njiani, bado subiri. Swali la mwisho kwa afisa wa benki liwe hili: "Fedha zimeingia kwenye akaunti yetu, naweza kuzitoa leo?" Akisema ndiyo, gari liende bandarini. Na B/L halisi iwe ya mwisho kuondoka mikononi mwako, kama ilivyokuwa kwa shemeji yako.

Kama mnunuzi naye anaogopa, ana haki ya kuogopa, hajakuona. Mgawanye malipo: mnunuzi alipe nusu baada ya mkaguzi wake kuridhika, nusu iliyobaki gari likiwa bandarini kabla halijapakiwa. Benki zina hati za dhamana ya malipo kwa biashara kubwa, ila kwa gari moja gharama yake itawala nyote wawili.

Kesho asubuhi nenda benki na kaka yako, mwonane na meneja mwende na ile PDF, kisha polisi. Betri ya gari azima kwa fundi, uchukue ile video ya kuwasha asubuhi, na picha za uvungu zipigwe mchana kukiwa na jua. Zile milioni 3 za VICOBA zirudishe kwenye kikao kinachofuata, riba ya mwezi isianze kukuhesabia.